Bi Nimezoea

Katika kikundi cha utafiti alichofanyia kazi, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Bi Nimezoea, na kwa muda mrefu alilipenda jina hilo kuliko lile la kuzaliwa, kwa sababu la kuzaliwa alilikuta tu, na hili alilitolea jasho. Mtu akiita kutoka chumba cha pili, "Bi Nimezoea, njoo, kuna jibu hapa limetushinda," yeye alinyanyuka kitini polepole, akijifanya anasumbuliwa, na moyoni ni raha tupu.

Kikundi chenyewe kilikuwa na vyumba vitatu juu ya maabara ya kupimia damu, kwenye jengo la chuo ambalo lifti yake iliacha kazi kabla wengi wao hawajaanza. Walikuwa wakiwahoji watu wanaouguza ndugu zao majumbani: mke anayemgeuza mume aliyepooza, binti anayemlisha baba asiyemtambua tena. Wahoji walikwenda na kinasa sauti, wakauliza, wakarudi. Watu wa ofisini wakasikiliza, wakaandika, wakayagawa majibu katika mafungu na kuyapa alama. Mafungu hayo hayakushuka kutoka mbinguni. Yalitoka kwenye nadharia ya saikolojia, na nadharia ilitoka kwa Profesa, na Profesa aliitoa huko kwenye mikutano yake.

Nadharia pale ofisini zilikuwa kama wapangaji. Zinaingia na makochi mapya, zinakaa miaka michache, halafu siku moja unakuta chumba kimefagiliwa na mwingine anagongelea misumari ukutani. Bi Nimezoea alipoajiriwa, kazi yake ikiwa kuandika tu yaliyosemwa kwenye rekodi, aliyepanga alikuwa unyonge wa kujifunza: kwamba mtu akipigwa na maisha mara nyingi bila njia ya kutoka, anajifunza kutojaribu, hata mlango ukiachwa wazi. Enzi hizo kila aliyehojiwa alikuwa mnyonge. Mama akisema "Namwachia Mungu," mnyonge. Mzee akisema "Sasa nitafanyaje?" mnyonge huyo. Baadaye ikaja ile ya malezi ya utotoni, kwamba unavyomuuguza mzazi leo ni jinsi alivyokubeba jana. Rekodi zilezile zikatolewa kabatini, zikasikilizwa upya, na wanyonge wote wakageuka watoto waliobebwa vibaya. Hakuna aliyerudi majumbani kwao kuwapa habari za mabadiliko hayo.

Kisha Profesa akarudi kutoka safari na ustahimilivu.

Profesa hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kumpaka matope, lakini alikuwa mpole, alikumbuka watoto wa kila mtu, na alipanda ngazi zile kwa magoti mabovu bila kulalamika. Siku hiyo aliwakusanya kwenye meza ndefu akawaeleza kwamba wasomi wamechoka kuhesabu waliovunjika. Sasa wanataka kujua kwa nini wengine hawavunjiki.

"Lakini wafadhili wanauliza swali la maana," akasema. "Mtu wa huku kwetu, mstahimilivu kabisa, akifungua mdomo anasemaje? Nipeni neno lake."

Watu wakatazamana. Mmoja akasema "Napambana." Profesa akatabasamu akasema hilo ni la kwenye fulana. Mwingine akasema "Najikaza." Profesa akatikisa kichwa, anayejikaza bado anaumia.

Bi Nimezoea, ambaye wakati huo hakuwa bado na jina hilo, hakuwa na kawaida ya kusema kikaoni. Hakuwa na shahada. Alikuwa na sikio tu, na watu wenye sikio hukaa karibu na mlango. Lakini neno lilikuwa limemfika mdomoni, likatoka.

"Mama yangu alikuwa anasema 'nimezoea'."

Akawasimulia. Mama yake alikuwa mpishi wa bweni, akipikia sufuria kubwa za kukorogwa kwa mikono miwili. Akirudi nyumbani mikono imebabuka, na baba naye anarudi na lake, kalewa, anatafuta pa kulitua. Watoto walipomuuliza mama kama anaumwa, alijibu hivyohivyo, "Nimezoea," akaendelea na shughuli zake. Profesa alivua miwani.

"Rudia hilo neno," akasema.

Akalirudia. Na kwa kuwa walikuwa wakimtazama kama ambavyo hawakuwahi kumtazama, akatia chumvi kidogo: kwamba mama hakuwahi kulia hata siku moja. Hiyo ilikuwa nusu ya hadithi. Nusu ya pili alikuwa nayo mdomoni, lakini Profesa alikwisha kugeukia ubao na kalamu, na nani anamkatiza profesa anayeandika neno la mama yako kwa herufi kubwa? Akaimeza.

Hivyo ndivyo kanuni ilivyozaliwa. Mhojiwa akisema "nimezoea", apewe alama ya juu kabisa ya ustahimilivu, na mhoji aende swali linalofuata. Kipande hicho cha mwisho alikiongeza yeye mwenyewe, kwa sababu wahoji walikuwa wanapoteza muda kuchimba pasipo na kitu. Profesa alimsifu. Alipandishwa cheo, akapewa meza ya dirishani, akawa ndiye msemaji wa mwisho kuhusu jibu gani liende fungu gani. Mwanamke aliyekuwa anaandika maneno ya watu sasa alikuwa anasema yana maana gani. Kichwa kilimvimba, na asikudanganye mtu, yeyote kingemvimba.

Nyumbani waliishi wanawake watatu. Mama, aliyepigwa na kiharusi kikamlaza upande mmoja, kisha akili nayo ikaanza kumtoka kidogokidogo. Dada mkubwa, fundi cherehani, ambaye alifunga kibanda chake ili amuuguze, na cherehani yake ikaletwa nyumbani ikasimamishwa koridoni chini ya kitambaa. Na yeye, mdogo, mwenye mshahara. Hawakuwahi kukaa chini kupanga nani afanye nini. Mwenye mshahara aliondoka asubuhi, asiye nao akabaki, ikawa ndiyo desturi ya nyumba.

Jioni mdogo alirudi na nadharia. Alimkuta Dada anafua shuka la tatu au anaukanda mguu wa mama, akaegemea mlango na kueleza walichogundua wiki hiyo.

"Dada, wewe ndiye mfano wenyewe. Wewe ni mstahimilivu."

"Hicho cheo kina likizo?" Dada akauliza bila kuinua kichwa.

Mdogo akacheka. Kesho yake akalirudia ofisini, nao wakacheka, Profesa akasema hata ucheshi ni dalili.

Basi ikaja awamu mpya ya mradi, na hii haikuwa ya maneno matupu. Wauguzaji watakaoonekana wameelemewa wangeletewa msaidizi aliyefunzwa, wa kuja nyumbani siku nne za wiki, kuogesha, kugeuza, kulisha. Wastahimilivu wasingeletewa kitu. Wao wangechunguzwa tu, kujua siri yao. Bi Nimezoea aliposikia siku nne za wiki, akaiona ile cherehani koridoni. Dada angeweza kufungua tena kibanda. Dada alikuwa amekonda hadi pete imehamia kidole gumba, na siku mbili tatu alikuwa ameketi nje kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono imelala mapajani, mama anaita ndani naye haendi. Mdogo aliona hayo yote, maana si kipofu.

Ndugu wa wafanyakazi hawakuruhusiwa kuhojiwa. Yeye akapitisha jina la Dada kupitia kwa mhoji mpya, binti mmoja mwenye shahada mbichi waliyemwita Daktari Mtarajiwa, ambaye hakujua nani ni ndugu wa nani. Kwenye karatasi Dada akawa namba. Hapo mdogo alivunja sheria bila kupepesa macho. Lakini kumfundisha Dada la kujibu, hilo alikataa. Alijua maneno yote yanayomshusha mtu alama. Yeye ndiye aliyeyapanga. Angeweza kumwambia wakati wa chai, "Dada, wakikuuliza sema umechoka." Hakusema. Alijiambia kwamba kumfundisha ni kuchafua utafiti, na kwamba kipimo chao ni kizuri, kitamwona. Alimwambia kitu kimoja tu.

"Watakuja watu wa kazini kwetu. Wajibu tu unavyojisikia."

"Wewe utakuwepo?"

"Hairuhusiwi."

Dada akamtazama kidogo, kisha akasema sawa.

Matokeo yalipotoka, namba ya Dada ilikuwa juu kabisa: mstahimilivu wa daraja la kwanza. Hakuna msaidizi. Na hapa ndipo mtu anapotamani kumfinya mwanamke huyu, kwa sababu kitu cha kwanza kilichompanda kifuani hakikuwa huzuni. Kilikuwa fahari. Daraja la kwanza, na ni damu yake. Huzuni ilikuja ngazini, akishuka, na akaifukuza. Alipitia dukani akanunua keki, akaingia nayo nyumbani akiwa ameibeba kwa mikono miwili.

"Hongera, Dada. Kati ya wote, wewe umeongoza."

"Msaidizi anaanza lini?"

"Sasa, msaidizi ni wa wale walioshindwa. Wewe hujashindwa. Umewapita wote."

Dada alikuwa amemshika mama kwapani, anamsogeza juu ya mto. Alimaliza kumsogeza. Alimfuta mate. Aliichukua keki, akaikata kipande kidogo, akamlisha mama taratibu mpaka kikaisha, na kilichobaki akakifunika kwa sahani. Hakusema kitu jioni yote.

Kimya hicho ndicho kilichomsukuma mdogo, kesho yake asubuhi, kuvaa spika za masikioni na kuisikiliza rekodi ya dada yake.

Sauti ya Daktari Mtarajiwa ilikuwa ya adabu. "Mama, tuambie, unajisikiaje kuhusu uchovu wa kumuuguza mgonjwa?"

"Nimezoea," Dada akasema.

Kisha pakawa kimya. Kwa mbali mama alisikika akiita, jina lisiloeleweka. Hakikuwa kimya kirefu, lakini mdogo alikitambua. Dada alikuwa anasubiri.

"Nimezoea," Dada akarudia mwenyewe, sauti imeshuka. "Siku hizi hata akilia..."

"Sawa, mama, asante, hilo tumelipata. Swali linalofuata."

Karatasi ikageuzwa. Binti wa watu hakukosea popote. Alifuata kanuni.

Mdogo alivua spika akaenda moja kwa moja kwa Profesa. Akakiri kwamba namba ile ni dada yake, kwamba jibu limekatwa katikati, kwamba kanuni yenyewe ina kasoro na yeye ndiye aliyeileta. Akaomba Dada ahojiwe tena. Profesa alimsikiliza mpaka mwisho, akamvutia kiti.

"Kwanza, ulikosea kumwingiza ndugu yako, na unajua."

"Najua, Profesa."

"Kwa hiyo siwezi kumhoji tena. Inabidi nimtoe kabisa. Pili, tukisema neno hili lina kasoro kwake, lina kasoro kwa wote, na lile andiko letu la jarida limeshakubaliwa. Wewe mwenyewe umeshukuriwa mle ndani." Akamtazama kwa huruma ya kweli, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Hicho unachosikia ni hatia ya ndugu asiyeuguza. Ni kitu cha kawaida sana. Kuna nadharia yake, nitakutafutia."

"Profesa, dada yangu amechoka."

"Naelewa. Lakini sisi hatupimi mtu mmoja."

Alitoka. Huko nje wenzake walikuwa wamelibandika neno la mama yake ukutani kwa herufi kubwa za rangi, kwa ajili ya ugeni wa wafadhili.

Nyumbani alimkuta Dada koridoni. Kitambaa kilikuwa chini, kichwa cha cherehani kimefunguliwa kwenye meza yake, na Dada anakiviringishia shuka kuukuu.

"Rafiki yangu wa zamani ana karakana ya kushona, mji wa pili," Dada akasema. "Amekuwa akiniita muda mrefu. Naondoka Jumapili."

"Dada, nimesikiliza ile rekodi. Nimekwenda kwa Profesa, nimemwambia..."

"Umesikiliza?"

"Leo."

"Basi umenisikia." Dada akaketi sakafuni, mgongo ukutani. "Mimi nilidhani wewe ndiye utakayesikiliza kwanza. Nikasema, namjibu huyu mtoto, lakini anayesikia ni mdogo wangu. Ndiyo maana nikalitumia lile neno. Lile ni letu."

Mdogo alijua kinachokuja.

"Mama akisema 'nimezoea', nani alikuwa anamuuliza mara ya pili?"

"Mimi."

"Wewe. Mimi nilikuwa naogopa. Wewe mdogo, hufiki hata mezani, unamshika gauni: 'Umezoea nini, Mama?' Hapo ndipo anaketi. Hapo ndipo anaonyesha mkono, analia, anasema alichofanyiwa. Alikuwa anasema hivyo ili aulizwe tena. Nyumba nzima ilijua."

Hiyo ndiyo nusu aliyoimeza siku ile mbele ya ubao. Mama alilia, tena sana, gauni lake likiwa mkononi mwa mtoto aliyeuliza tena. Na mtoto yuleyule ndiye aliyekuja kuamuru, kwa maandishi, kwamba mtu asiulizwe tena.

"Nisamehe, Dada."

"Sina hasira ya kelele," Dada akasema. "Nimechoka. Nasema hivyo sasa, wazi, kama mnavyotaka."

Jumapili alifunga mizigo yake mchana kweupe. Alimwonyesha mdogo namna ya kumgeuza mama bila kumvuta bega bovu. "Mlishe akiwa ameelekea dirishani," akasema. "Akiangalia ukuta anatema." Akambusu mama kwenye paji la uso, na mama akamwita kwa jina la dada yake yeye mama, aliyekwisha kufa. Gari lilipoondoka, koridoni palibaki alama nne za miguu ya cherehani kwenye sakafu.

Mdogo aliomba likizo bila malipo. Ofisini walimwelewa, wakamtumia kadi iliyosainiwa na wote. Wiki za kwanza walimpigia mara kwa mara kuuliza jibu fulani liende fungu gani, kisha simu zikapungua, maana Profesa alikuwa amesafiri tena na kurudi na mpangaji mwingine. Daktari Mtarajiwa alimweleza kwa furaha: sasa wanatazama majonzi ya kumlilia mtu angali hai. Rekodi zote zinasikilizwa upya. Wastahimilivu wanahamishwa.

"Na wale waliokosa msaidizi?" akauliza.

"Ile awamu ilishafungwa, Bi Nimezoea."

Alifua, aligeuza, alilisha. Mama alikuwa mzito kuliko alivyoonekana. Usiku haukuwa na mwisho na mchana ulikuwa na kazi zilezile, na ikafika siku mama alikuwa analia chumbani naye ameketi nje juu ya ile ndoo iliyopinduliwa, anasikia sauti na haoni kama inamhusu. Hapo akaelewa sentensi ya Dada ingeishia wapi. Aliogopa sana, na hata woga wenyewe ulikuwa wa kichovu.

Siku hiyohiyo Dada alipiga simu. Haikuwa kawaida yake. Siku zote alituma ujumbe tu, salamu na maelekezo ya dawa. Nyuma ya sauti yake cherehani nyingi zilikuwa zinakimbia na mtu anacheka. Aliuliza mama amekula nini, mguu umekandwa, kidonda cha mgongoni kimekauka? Mdogo akajibu moja moja. Kisha Dada akamuuliza yeye.

"Na wewe? Unaendeleaje?"

Maneno yote alikuwa nayo. Miaka mingi alikuwa ameyapanga kwenye mafungu: nimeelemewa, nimeshindwa, njoo, siwezi. Kinywa kikachagua lile la nyumbani.

"Nimezoea, Dada."

Akasubiri. Aliibana simu sikioni kwa mikono miwili, mama akilia nyuma yake. Huko upande wa pili cherehani zilikuwa zinakwenda, na alimsikia Dada akivuta pumzi, na akajua kwamba ameelewa, kwamba duniani kote hakuna mwingine ambaye angeelewa.

"Haya," Dada akasema. "Vizuri."

Simu ikakatwa.